Kisanduku cha Saa Kumi

Mzee alimwambia binti yake kwamba usiku hakuna anayekuja kumgeuza. Binti akaona ngozi ya kiuno imeanza kuwa nyekundu, akapeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali inayotoa leseni za nyumba za kulelea wazee. Zamu ya usiku ilikuwa yangu.

Nyumba hiyo iko California. Ni nyumba ya kawaida ya mtaani yenye wazee sita, na usiku mhudumu ni mmoja. Kisheria, mkaguzi hutakiwa kufika ndani ya siku 10 tangu malalamiko yapokelewe, tena bila kutoa taarifa. Alifika. Akazungumza na mzee, ambaye siku hiyo aliamini yuko melini. Akazungumza nami. Kisha akafungua jedwali la zamu: kila baada ya saa mbili kuna kisanduku, na kila kisanduku kilikuwa na alama ya vema na herufi za jina langu.

Uamuzi huwa mmoja kati ya mitatu: malalamiko yamethibitika, hayana msingi, au hayakuthibitika. Huo wa mwisho una maana yake: huenda jambo lilitokea, ila ushahidi hautoshi kusema lilitokea au halikutokea. Ndio tuliopewa. Mwenye nyumba alifurahi kana kwamba tumeambiwa hayana msingi.

Kwetu husemwa lisemwalo lipo. Lakini mwenzangu aliwahi kushutumiwa kuiba pete, ikaja kuonekana ndani ya soksi ya mwenyewe. Kwa methali hiyo angefukuzwa kazi. Kwa hiyo naikubali sheria inayodai ushahidi. Swali langu ni huo ushahidi huandikwa na nani.

Katika mojawapo ya usiku alioulizia mkaguzi, bibi wa chumba cha pili aliharisha hadi alfajiri. Nilimwogesha, nikabadilisha mashuka, nikaanza upya. Nilipomfikia mzee ilikaribia saa 12 asubuhi. Kisanduku cha saa 10 kilikuwa tupu, nikakijaza. Sikujiona nasema uongo. Nilijiona nafunga zamu.

Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker, katika kitabu chake cha 2007, anaeleza jinsi mtu anavyodhulumiwa pale neno lake linapopunguziwa uzito kwa sababu ya jinsi watu wanavyomwona. Mzee alikuwa amesahau mwaka, amesahau na jina langu. Hakusahau kwamba alilala kwenye mkojo akisubiri. Ila neno lake lilipimwa dhidi ya karatasi, na karatasi ilikuwa yangu.

Naweza kujitetea: mtu mmoja, wazee sita. Utetezi huo ni wa kweli, na ndiyo maana nilipaswa kuuandika. Kisanduku kitupu kingeonyesha kwamba mtu mmoja hatoshi. Alama yangu ilinilinda mimi, ikamlinda pia yule anayeokoa mshahara wa mhudumu wa pili. Mzee peke yake ndiye aliyebaki bila shahidi.

Sheria ya California inamtaka mhudumu aripoti anaposhuku kwamba mzee ametelekezwa. Nilifundishwa hilo nilipoanza kazi, na nilipokuwa nikisikiliza niliwaza wahudumu wengine.

Mzee ameshafariki. Ripoti bado iko wazi kwa umma, na uamuzi wake haujabadilika. Siku hizi naandika saa halisi, hata inaponiaibisha, na mwenye nyumba ameshaniuliza mara mbili kwa nini jedwali langu lina mapengo. Hilo huenda likawasaidia waliobaki. Kwa mzee bado sijafanya lolote, na namba ya simu ya ofisi ile imebandikwa ukutani, hatua tatu kutoka kwenye kiti ninachokalia kujaza visanduku.