Uzuri Unaokanyagwa

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alishikilia kuwa uzuri halisi hutupendeza bila sisi kutafuta faida kwake. Wengi wakahitimisha, kwa haraka kidogo, kwamba chombo cha matumizi si sanaa kamili. Turubai la sakafuni linawakwamisha. Katika karne ya 18 nyumba za Uingereza na Marekani zilitandikwa maturubai yaliyopakwa rangi ya mafuta. Baadaye Rais Thomas Jefferson alikuwa na la kijani katika chumba cha kulia, kukinga sakafu na mafuta ya chakula. Fundi wa leo anayeifufua kazi hiyo hukunja pindo na kuzigandisha kwa gundi, huchora, kisha hupitisha vanishi tabaka juu ya tabaka. Pambo la katikati hawezi kulipangia mahali bila kujua meza itakaa wapi na watu wataingilia mlango upi. Hapo matumizi hayaupunguzi uzuri. Ndiyo yanayoupa umbo.

Atatokea wa kusema kwamba kitu kinachochakazwa na viatu hakilingani na mchoro wa ukutani. Lakini kudumu ni suala la hifadhi: ngoma huisha ikichezwa, na hakuna anayeinyima jina la sanaa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba, kwa hoja hii, kila sakafu itakuwa sanaa. Hapana. Linoleamu, iliyoyaondoa maturubai haya sokoni baada ya Frederick Walton kuivumbua miaka ya 1860, ilitoka kiwandani bila kujua chumba itakachoingia. Na maturubai yaliyopigwa chapa kiwandani kabla yake nayo hayakujua.