Bima haiulizi nyumba ni ya nani

Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuo kikuu, ambaye hivi sasa anaishi Uingereza, alinipigia simu akitaka fatwa. Nilimwambia mimi si mufti, ni mwalimu tu wa Maarifa ya Uislamu huku Namasakata, mkoani Ruvuma. Hata hivyo alinieleza. Ananunua nyumba. Kwa kawaida mwanasheria wa mnunuzi kule hupeleka maswali halmashauri na kwingineko: kuna barabara itakayopita hapo? Maji taka yanaelekea wapi? Chini kuna mashimo ya zamani ya makaa ya mawe? Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Sasa ameambiwa ipo njia ya mkato: akate bima, alipe mara moja tu, aachane na upekuzi. Likitokea la kutokea, kampuni itamfidia. Je, yajuzu?

Nilimjibu haraka haraka, kama tulivyozoea sisi walimu. Bima ya kibiashara ina gharar, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya OIC liliamua huko Jeddah, Desemba 1985, kwamba mkataba wa aina hiyo ni haramu na mbadala wake ni bima ya kusaidiana. Akaniuliza: "Na kama ingekuwa takaful, Ustadh?" Nikanyamaza. Takaful si jambo la mbali tena. Kenya ilipata kampuni yake mwaka 2011, na hapa kwetu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ilitoa mwongozo wake mwaka 2022. Kama tatizo ni gharar peke yake, basi takaful inatosha na mjadala umefungwa. Lakini moyo wangu haukutulia.

Haukutulia kwa sababu siku zile zile nami nilikuwa nanunua nyumba.

Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma, imeezekwa bati, na nyuma ina mikorosho michache. Muuzaji ni mtu anayejulikana, na alikuwa na haraka. Bei ilikuwa nzuri. Alinionyesha karatasi yenye muhuri, nami msomi wa chuo kikuu nikaridhika na muhuri. Aliyenizuia ni mama mkwe wangu, ambaye hakuvuka darasa la nne. Aliniuliza jambo moja tu: "Baba, huyo bwana pale ni kwao, au ni kwa mkewe?"

Asiyeijua Ruvuma ya upande huu hataona uzito wa swali hilo. Wayao kwa desturi hufuata ukoo wa mama, na mwanaume akioa mara nyingi huhamia kwa wakweze na kujenga huko. Tofali zaweza kuwa zake, lakini ardhi ni ya upande wa mke. Nikaenda kwa majirani. Kumbe mke amesafiri kumuuguza dada yake, wala hana habari kwamba nyumba inauzwa! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 nayo inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Hata ningesafiri hadi ofisi ya ardhi Songea nisingepata lolote, maana nyumba ile haina hati iliyosajiliwa. Daftari lake ni vinywa vya majirani.

Sasa tujaalie Namasakata kungekuwa na bima ile. Ningelipa, ningenunua, ningehamia. Mama yule angerudi na kukuta mlango una kufuli langu. Akishinda kesi, kampuni inanilipa mimi. Akishindwa, anaondoka na mkeka wake. Yeye nani anamlipa? Katika hesabu yote ile hasara inayopimwa ni yangu tu.

Nikiri kwamba suala la rafiki yangu ni tofauti. Barabara ikipita mbele ya dirisha lake anayeumia ni yeye, hakuna aliyeporwa. Pale ambapo kutokujua kwangu kunaniumiza mimi peke yangu, na watu wamechangiana kwa hiari kubebeana hasara, sioni ubaya. Lakini pale ambapo kutokujua kwangu kunaweza kumtoa mtu katika haki yake, hakuna awezaye kuniuzia ruhusa ya kutokuuliza.

Kuna jambo jingine alilonisimulia lililonishangaza. Bima za namna ile kwa kawaida hazifidii kasoro ambayo mnunuzi anaijua, na pengine ukienda tu kuiuliza halmashauri, kinga yako inaanguka. Yaani mkataba unakulipa kwa kubaki gizani! Wamarekani, ambao bima ya umiliki ilianzia kwao, hawakufanya hivyo. Mwaka 1868, katika kesi ya Watson na Muirhead huko Pennsylvania, mnunuzi alipoteza fedha zake na mahakama ikaona aliyemshughulikia hati hana kosa. Kampuni ya kwanza ikaanzishwa Philadelphia mwaka 1876. Lakini kampuni hizo hupekua kwanza, ndipo zikakatia bima kile kilichojificha. Hiyo inafanana na kumfunga ngamia kisha ukatawakali.

Wapo watakaosema mnunuzi mwenye nia njema hana lawama. Sawa. Ila Mtume (s.a.w.) alitahadharisha kwamba hata hukumu yake mwenyewe, ikitolewa kwa ufasaha wa mdai, haiwi halali kwa asiyestahiki, ni kipande cha moto. Ikiwa hukumu yake haihalalishi, itakuwaje stakabadhi ya bima? Na anayekataa kuuliza kwa kuogopa jibu, hiyo nia njema yake iko wapi?

Rafiki yangu aliamua kusubiri majibu ya halmashauri. Mimi nyumba sikuipata. Mama yule alirudi baada ya Idi, akanishukuru kwa kuuliza, akakataa kuuza. Mumewe tukikutana msikitini ananijibu salamu kwa shida, nami bado ninapanga.