Ngoma Iliyobaki Nusu

Katika vijiji vilivyo njiani kati ya Kasongo na Kabambare, mchongaji hujulikana asubuhi kwa sauti ya tezo lake. Chukueni basi mfano wa mtu wa namna hiyo. Ameanza kuchonga ngoma kubwa, na gogo limekwisha kutobolewa nusu. Ndipo ugonjwa unampata, mkono wake wa kuume unavimba, na fedha aliyoiweka kwa kununua ngozi inakwisha kwa dawa. Mpwa wake mkubwa amekwenda Salamabila kuchimba dhahabu, kwani ngoma hailipi upesi. Jirani wanamwambia: “Acha, baba, gogo hilo sasa ni kuni.” Je, mtu huyu akizidi kutumaini kwamba ngoma yake italia siku moja, ana matumaini ya kweli, au ni ukaidi tu?

Swali hilo halijibiwi kwa kumwambia mgonjwa ajipe moyo. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba jambo linalotumainiwa lina alama nne: ni jema, bado halijapatikana, ni gumu kulipata, na hata hivyo linawezekana. Kumbe ugumu si adui wa matumaini. Hakuna atumainiye kuinua unyoya, huuinua tu. Lakini katika alama ile ya nne watu wengi hukosea. Mchongaji hudhani kwamba linalowezekana ni lile tu aliwezalo yeye, kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya mvua kuanza. Mkono ukivimba, huona yote yamekwisha. Thomas hakusema hivyo. Alifuata wenye hekima wa kale, akafundisha kwamba tuwezalo kwa msaada wa rafiki, kwa namna fulani twaliweza sisi wenyewe. (Naye aliacha kuandika kitabu chake kikubwa mwezi wa Desemba 1273, akafa Machi 1274, na kitabu kilikuwa hakijakwisha.)

Jambo hili laonekana wazi katika habari za Johannes Rebmann, mmisionari wa Kiprotestanti, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1820, akafika Mombasa mwaka 1846, akakaa Rabai karibu miaka 30. Watu humkumbuka kwa sababu mwaka 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na wataalamu wengine wa Ulaya hawakumsadiki. Kazi yake nyingine haijulikani sana. Huko pwani alikutana na mtu aliyeitwa Salimini, aliyetekwa utumwani kutoka nchi za ziwa Nyasa, akaanza kuandika lugha ya nchi ile kutoka kinywani mwake, neno baada ya neno. Kasongo, uliokuwa mji wa Tippu Tip, hauhitaji kuelezwa njia za watumwa zilikuwa nini. Salimini alikuwa amenyang’anywa nchi, jamaa na uhuru. Lugha yake haikunyang’anyika, naye akaitoa.

Miaka ikapita. Mwaka 1866 mke wa Rebmann akafa. Macho yake yakafifia hata hakuweza kusoma maandishi yake mwenyewe. Mwaka 1875 akarudi Ulaya karibu kipofu, na mwaka uliofuata akafa, kamusi ikiwa haijapigwa chapa. Ludwig Krapf, mwenzake wa zamani, ambaye wakati fulani hawakupatana katika mambo ya kazi, akayachukua maandishi yale, akayatengeneza, na kitabu kikatoka mwaka 1877. Krapf naye akafa mwaka 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka 1882, wala hakuishika mkononi.

Basi kazi ya Rebmann iliwezekana, ijapokuwa yeye hakuiweza tena. Iliwezekana kwa sababu maneno yalikuwa yameandikwa mahali ambapo mtu mwingine angeweza kuyasoma. Fundi anayeficha ujuzi wake asije akapitwa na kijana huifunga njia kwa mkono wake mwenyewe, hata akiwa mzima wa afya.

Lakini isidhaniwe kwamba kila anayeng’ang’ania kazi yake ana fadhila hii. Matumaini yana maadui wawili: kukata tamaa, na kujitumainia bure. Mtu akiuza mbuzi aliyewekwa kwa fedha ya shule ya mtoto, ili anunue ngozi ya ngoma, akisema kwamba Mungu atatoa, huyo anamjaribu Mungu, na tena anamwibia mtoto. Dawa hutangulia, na chakula, na deni la jirani. Gogo likiwekwa kivulini na kufunikwa majani lisipasuke, laweza kungoja.

Na yule mchongaji? Mpwa wake mdogo bado yuko nyumbani. Mzee anaweza kuketi kitini, mkono umefungwa kitambaa, akachora mstari wa mkaa ndani ya gogo kwa mkono wa kushoto, kisha akampa kijana tezo. Pigo la kwanza litakuwa baya. Atamwambia asikaze mkono, nao wataendelea mpaka jua liwe kali.