Njia Naijua, Samaki Siwajui

Mwaka juzi nilivua samaki New Zealand. Nilishuka kutoka kwenye helikopta katika bonde moja la Kisiwa cha Kusini, nikavaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani, nikaingia mtoni na maji baridi yakanibana mapaja. Mwongozaji wangu alisimama juu ya ukingo akaninyooshea kidole: pale, nyuma ya lile jiwe la kijivu. Nilirusha mara mbili bila kitu. Mara ya tatu, trauti wa kilo tatu akakubali.

Hayo yote niliyaandika nikiwa jikoni kwa mama, Konoin, kaunti ya Bomet, miguu karibu na jiko kwa sababu Julai huku kwetu kwenye majani chai si mchezo. Sijawahi kupanda ndege. Pasipoti sina. Samaki mkubwa zaidi niliyewahi kumshika ni tilapia, na alikuwa ameshakaangwa.

Hii ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotulemea, na tangu hapo naandika makala za mtandaoni za watu wengine. Kama uko Kenya na una umri wangu, huenda unamjua mtu anayefanya kazi hii, au ni wewe mwenyewe. Mteja yuko mbali, jina lako halionekani popote, na dola zikiingia zinaisha kabla hujapumua. Nimewahi kuandika kuhusu vitanda vya mbwa. Nimewahi kuandika kuhusu bima ya meno, na sijawahi kuwa na bima yoyote.

Mteja huyu alitaka makala nane za kumsaidia msomaji kupanga safari ya kuvua trauti katika loji za mbali. Dola 18 kila moja. Jumla inapita shilingi 18,000, na dadangu alikuwa Form Three. Sharti lilikuwa moja tu: niandike kwa "mimi". Msomaji, aliniambia, haamini makala ambayo mwandishi wake hajalowa.

Kwa wasioujua uvuvi huu: hakuna nyungunyungu. Ndoana inafungwa nyuzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu, na huyo mdudu wa uongo, nzi bandia tumwite hivyo, anarushwa juu ya maji taratibu kiasi kwamba samaki anadhani chakula kimeanguka chenyewe. Mara nyingi mvuvi akishamvuta samaki anamwachilia. Watu wanalipa pesa ambayo mama yangu hajawahi kuiona pamoja ili wamdanganye samaki, wamtazame kidogo, kisha wamwache aende.

Nilisoma sana, hilo sitajinyima. Nilijifunza kwamba kule majira yamegeuka, kwa hiyo mito mingi ya Kisiwa cha Kusini hufunguliwa kwa wavuvi Oktoba au Novemba. Nilijifunza kwamba maji ni maangavu mno, ndiyo maana mwongozaji anamtafuta samaki kwa macho kwanza kabla hujarusha chochote. Nilijifunza kwamba sheria yao hairuhusu kuuza trauti, hivyo usimtarajie kwenye menyu. Na nilijifunza kuhusu viatu. Soli za felti, kile kitambaa kizito kilichoshindiliwa, hushika vizuri mawe yenye utelezi. Makala moja ya zamani ya Kimarekani ilisema hivyo, nikaipenda, nikaiandika kama maarifa ya miguu yangu mwenyewe: "Niliteleza mara moja nikiwa na soli za raba. Tangu siku hiyo navaa felti tu."

Wiki tatu baadaye, makala hiyo ikiwa tayari hewani, nilikuwa natafuta mambo ya makala ya sita nikakutana na habari hii: New Zealand ilipiga marufuku soli za felti mwaka 2008.

Sababu ni mwani unaoitwa didymo. Uligunduliwa huko mwaka 2004, katika hicho hicho Kisiwa cha Kusini. Ukishika mto, unafunika mawe kama zulia chafu. Seli zake hazionekani kwa macho, na tone moja la maji linatosha kuuhamisha kutoka mto mmoja hadi mwingine. Felti hukaa na unyevu kwa muda mrefu. Ndiyo maana wageni hutakiwa kutangaza vifaa vyao vya uvuvi wanapoingia nchini, na kila mvuvi huimbiwa wimbo mmoja: kagua, safisha, kausha.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu mahali fulani, labda mstaafu aliyeweka akiba miaka kumi, anayenunua viatu vya felti kwa sababu kijana wa Konoin aliteleza kwenye jiwe ambalo halipo.

Nilimwandikia mteja usiku huo huo. Alibadilisha neno felti kuwa raba, akanishukuru. Sentensi ya kuteleza aliiacha, ila sasa nimeteleza nikiwa na felti. Nilimwambia pia kwamba ingekuwa vyema tuondoe "mimi" katika makala zote. Hakujibu hilo.

Utetezi wangu niliuandaa haraka, kama mtu aliyeshikwa. Kwanza, waandishi wa riwaya husema "mimi" kila siku na hakuna anayewaita waongo. Ni kweli, lakini msomaji wa riwaya hafungi mizigo baada ya kusoma. Pili, ukiondoa yale ya felti, kila nilichoandika kilikuwa sahihi. Hapa nilikwama kidogo. Kama taarifa ni sahihi, kuna ubaya gani ikitoka kwa mtu wa kubuni?

Nilimfikiria binamu yangu. Yuko Nairobi, kwenye karakana ya kufunga nzi hao bandia. Kazi hii ilianza Kenya tangu zama za ukoloni, na mpaka leo nzi wetu wanauzwa Ulaya na Marekani. Binamu yangu hajawahi kuvua. Trauti hajamwona. Lakini vidole vyake vinajua kila unyoya unakaa wapi, na wavuvi wa nchi za mbali wanamtegemea bila kumjua. Yeye pia anauza kitu cha mto ambao hajaukanyaga. Mbona yeye si mwongo?

Nilijibu hivi: mnunuzi wa nzi anajua ananunua uongo. Anaushika mkononi, anaugeuza, anauona uzi. Anayedanganywa ni samaki peke yake. Binamu yangu hajaandika kwenye pakiti kwamba alisimama mtoni. Kwenye makala zangu sikuwa na uhakika msomaji wangu ni mnunuzi au ni samaki. Nilipoisoma tena ile sentensi ya kuteleza, nilijua. Sikuiweka pale ili imfundishe chochote. Niliiweka ili ameze.

Katika somo moja la falsafa nililowahi kumaliza, tulifundishwa kwamba Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kuwa huna haki ya kudanganya hata mbele ya muuaji anayekuuliza rafiki yako kajificha wapi. Darasa zima tulicheka. Mimi bado ningemdanganya huyo muuaji. Lakini kuna kipande cha hoja yake ambacho sasa sikicheki: kwamba uongo, hata usipomuumiza mtu yeyote unayeweza kumtaja, unaumiza watu wote, kwa sababu unayapunguzia maneno uzito. Nilikuwa nimeyatumia maneno "niliteleza, nikajifunza" kama noti bandia. Noti moja haiangushi nchi. Ila anayefuata akisema kweli kwamba aliteleza, ataaminiwa kidogo zaidi ya zamani.

Mambo haya nilimsimulia jirani yetu, mzee ambaye sote tunamwita Kugo, yaani babu, ingawa si wa damu. Nilitaka tu acheke. Sikujua kwamba alikuwa amefanya kazi yangu kabla yangu.

Trauti si samaki wa asili wa huku, kama ambavyo si wa asili kule New Zealand. Waingereza walimbeba kila walikokwenda kuishi. Kenya aliletwa mwaka 1905, Ewart Grogan alipomtia katika Mto Gura, Nyandarua. Baadaye akawekwa katika mito mingine ya baridi, ikiwemo Kiptiget, mto unaotoka msitu wa Mau na kuishia Sondu kisha Ziwa Victoria. Wageni waliolala Tea Hotel pale Kericho walikuwa wakienda Kiptiget kuvua, na Kugo, akiwa kijana, aliwabebea mizigo na kuwaonyesha njia.

"Ulikuwa unavua pia?" nilimuuliza.

"Nivue nini? Sisi tulikuwa watu wa maziwa. Samaki hakuwa chakula."

"Sasa walipokuuliza samaki wako wapi?"

"Niliwaambia, njia naijua, samaki siwajui."

"Kugo, si ungesonta tu mahali popote? Hawangejua."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Wangejua jioni," alisema. "Na jioni tulikuwa tunarudi pamoja."

Maneno hayo nimetembea nayo mwaka mzima. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na nadhani kwa Kugo ilikuwa fupi kweli, kilomita chache za kupanda mlima na mgeni aliyekasirika nyuma yake. Yangu haina mwisho. Msomaji wangu anaingia mtoni upande wa pili wa dunia na mimi sipo, wala jina langu halipo. Hakuna jioni ya kurudi naye. Sidhani Kugo alikuwa mtu mwema kuliko mimi. Kazi yake ilikuja na jioni ndani yake. Yangu inabidi niiwekee mwenyewe, na hakuna anayenilipa kwa hilo.

Makala ya nane niliianza hivi: "Sijafika huko. Haya ni yale niliyoyakusanya kutoka kwa waliofika, na pale wasipokubaliana nitakwambia." Mteja alinilipa, kisha akaifuta sentensi hiyo na kunirudisha mtoni. Baadaye akaniandikia kwamba siku hizi mashine inaandika kwa "mimi" bila kulalamika, na ni ya bure. Sikuwa na jibu la maana. Mashine haijafika New Zealand, nami sijafika, na kwa kipimo hicho tuko sawa. Tofauti ni kwamba mimi naweza kukataa, na kukataa kwangu kuna bei. Bei yenyewe ilikuwa karo ya muhula wa tatu, ambayo mama aliilipa kwa bonasi ya majani chai, hela aliyokuwa ameitengea mabati. Jikoni kungali kunavuja, na kila mvua ikinyesha naikumbuka kanuni yangu. Sijui kama ningeweza kuishika kama angekuwa hana hiyo bonasi.

Mwezi uliopita nilimwomba Kugo anipeleke Kiptiget. Tulipanda bodaboda, kisha tukashuka kwa miguu, yeye mbele na fimbo yake. Mto ulikuwa wa kahawia kwa mvua ya juzi. Trauti hatukumwona. Alisimama ukingoni, akahesabu mawe ya kuvukia kwa fimbo.

"La tatu linateleza," alisema. "Liliniangusha na mzigo wa mtu."

Nikaruka la tatu, nikakanyaga la nne.