Askari wa Mti



Wako watu huko Ulaya na Marekani wanaokusanya askari wadogo wa madini au plastiki, wengine wa kimo cha milimita 28 tu. Huwapaka rangi, wakawapanga mezani na kuwapiganisha kwa kutupa dadu. Baadhi yao hupenda jeshi la Misri ya kale, lenye wapiga upinde na magari ya farasi wawili. Hatuoni ubaya wake. Jioni mchezaji huwarudisha sandukuni, akijua ni kazi ya mikono tu.

Mesehti, liwali wa Asyut, hakuwafanyia mchezo. Yapata miaka 2000 kabla ya Kristo alizikwa pamoja na askari wa mti: Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na Wanubi 40 wenye pinde, wawe naye huko aendako. Kaburi lilifukuliwa, na askari wakachukuliwa hadi makumbusho ya Cairo. Hawakumfaa kitu.

Hata magari ya kweli hayakumwokoa Farao. Tunasoma katika Kutoka 14 kwamba alitoa magari 600 yaliyo bora, na bahari ikayafunika.

Nasi je? Tunao askari wetu wa mti: kitabu cha benki, ndugu mwenye cheo, hata hirizi chini ya kitanda, na huku tumevaa msalaba shingoni! Juma hili kila mmoja wetu na amtafute wake, amtoe nje. Mlinzi wetu ni mmoja, ambaye kaburi halikuweza kumzuia. Amina.