Vaa Ovaroli, Uingie Tudor

Eti ufundi ni wa walioanguka mtihani! Anayekwambia hivyo mpeleke Tudor, Mombasa, umwoneshe Chuo Kikuu cha Kiufundi, kisha umuulize waliokianzisha walianguka mtihani gani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni walishikana kujenga mahali pa kuwafunza ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Wakuu wote hao, na walichokubaliana ni karakana. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951, na wazee wa mji mpaka leo hupaita kwa kifupi cha jina lake la kwanza, MIOME.

Majina yamepita mengi. Mwaka 1966 chuo kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 Mombasa Polytechnic, 2007 chuo kikuu kishiriki, 2013 chuo kikuu kamili. Katikati hapo mlango ulifunguliwa kwa wasio Waislamu pia. Lakini kibao cha langoni hakimpi mtu sifa. Sifa ya chuo cha ufundi hutembea mjini kwa miguu ya waliosoma hapo, na wewe ukiingia utakuwa mmoja wao.

Kwa hivyo jiandae. Utapewa kipande cha chuma na tupa, ukibane kwenye jiriwa, uambiwe ukisawazishe mpaka guni ikilazwa juu yake mwanga usipenye. Utapiga tupa asubuhi nzima. Kiganja kitaota malengelenge, na mwanga utapenya vilevile. Wengi huvunjika moyo papo hapo, wakaanza kusema heri wangesomea biashara. Wewe rudi kwenye tupa! Chuma hakijui baba yako ni nani, wala hakihongeki.

Wala sikudanganyi: cheti pekee, hata cha chuo chenye historia hii, hakikupi kazi. Winchi ikikwama Kilindini meli ikingoja, hakuna atakayeuliza ulipata gredi gani. Ataitwa anayejua kuitengeneza.

Basi nafasi ikija, ya shahada, diploma au cheti, ichukue. Likizo usiimalizie maskani kwa soga: nenda gereji, mfuate fundi umeme wa mtaani, omba hata kumshikia tochi. Nawe binti, usimpishe mtu kwenye mashine ya kukereza. Iwashe.