Siku ya Kumngojea Mgeni

Yako maswali madogo yasiyoletwa mbele ya wazee wa usharika, wala kuhubiriwa siku ya Jumapili, walakini amani ya nyumba nyingi hutegemea majibu yake. Moja ni hili: Mtu amngojeapo mpenzi wake atokaye mbali, naye atafika kesho, je, ni halali aitumie siku ya leo kwa kutembea na kupumzika? Ama yampasa afanye kazi hata usiku, ili mgeni asione upungufu wowote?

Na tulitazame swali hili mahali linapoonekana wazi, yaani mlimani Kilimanjaro katika mwezi wa Desemba. Desturi ya Wachaga yajulikana: waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hurudi kwao kwa sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana. Zamani mgeni aliweza kufika pasipo habari. Wenyeji walisikia hodi, ndipo wakaanza kuwasha moto. Mwaka wa 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, na watu wakaanza kuijua mapema siku ya mgeni. Leo mtoto hupiga simu njiani, naye mama hujua ya kuwa amekwisha kupita Korogwe, sasa yuko Same. Hili ni jambo jema. Lakini pamoja na habari imeingia taabu nayo: siku iliyo kabla ya siku ya mgeni imegeuka kuwa siku ya hofu. Ua hufagiwa mara tatu, mapazia hufuliwa, migomba ya kihamba hupogolewa, majani ya ng'ombe hukatwa ya siku nne, kuni hupasuliwa hata giza liingie. Jioni wote wamechoka, na maneno yao yamekuwa makali. Kesho yake mtoto ashuka garini kwa furaha, akuta nyumba safi na nyuso zilizokunjamana.

Hapo mgeni hula chakula chake kwa haya, maana aona ya kuwa kuja kwake kumekuwa mzigo. Baba aliyechoka hukumbuka upesi mambo ya zamani: fedha zisizoletwa, barua isiyojibiwa, shamba lililoachwa. Mama naye hukaa jikoni siku zote za ugeni, asisikie habari hata moja ya maisha ya mwanawe. Tukifanya hesabu, tutaona hasara yake. Mzee wa miaka 75 amwonaye mwanawe mara moja kwa mwaka, akijaliwa na Mungu kufikia miaka 85, ataonana naye mara 10 tu. Je, katika mara hizo 10 ni ngapi zipotezwe kwa ajili ya mapazia?

Mtu atasema, “Hayo ni maneno ya wavivu. Mgeni ni heshima, na heshima yataka kazi.” Twakubali ya kuwa mgeni ni heshima. Lakini tumwangalie Ibrahimu, ambaye Maandiko yamweka mbele yetu kama mfano wa wakaribishaji. Wageni watatu walipomjia kule Mamre, alikuwa akifanya nini? Alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake, jua lilipokuwa kali. Alikuwa akipumzika! Na kwa kuwa alikuwa amepumzika, macho yake yaliwaona wangali wamesimama mbali kidogo, na miguu yake ikaweza kukimbia kuwalaki, ijapokuwa alikuwa mzee sana. Mtu aliyechoka hakimbii kumlaki mtu. Hungoja aitwe, kisha huinuka kwa kuugua.

Tena tuukumbuke mfano wa wanawali kumi. Wengi wetu twadhani kosa la wale watano lilikuwa kulala. Sivyo. Wenye busara nao waliingia usingizini sawasawa na wapumbavu, bwana arusi alipokawia, wala hawakulaumiwa kwa usingizi wao. Tofauti yao ilikuwa mafuta. Aliyekwisha kuweka mafuta katika chombo chake alilala usingizi wa halali. Asiye na mafuta, hata kama angalikesha usiku kucha, taa yake ingalizimika. Basi hapa twapata kipimo cha swali letu. Kazi ya lazima na itangulie: chakula kipatikane, kitanda kiwepo, mgonjwa na mifugo watunzwe. Hayo ndiyo mafuta. Yakiisha kuwekwa, mtu asiogope kupumzika. Lakini aendaye matembezini na chombo kitupu, huyo ni mvivu kweli, na maneno yetu hayamtetei.

Liko jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Pumziko la nani? Twamjua baba yule ambaye siku ya Jumamosi huvaa kanzu yake safi, huchukua fimbo, akaenda kuzungumza na wenzake hata jioni, kisha husema amepumzika ili awe na moyo mweupe wa kumpokea mgeni. Nyumbani mkewe hukuna nazi na kumenya ndizi, na binti mdogo hupanda kilima na ndoo ya maji kichwani. Huyo hakupumzika, amechukua pumziko la wengine akaliongeza juu ya lake. Amri ya tatu ilipotolewa, Mungu hakumtaja bwana wa nyumba peke yake. Alimtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama, na mgeni aliye malangoni. Naye Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka wa 1529, alifundisha ya kwamba siku ya kustarehe ni haja ya mwili, hasa kwa watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi juma zima. Hata Ibrahimu, ijapokuwa alimwagiza Sara kukanda unga, yeye mwenyewe alikimbia kundini kuchagua ndama, tena alisimama karibu na wageni walipokuwa wakila.

Wengi watamtaja Martha, wakisema Bwana alimkemea kwa sababu ya kupika. Lakini Bwana alikuwa na njaa kama watu wengine, wala hakukidharau chakula. Alichokiona kwa Martha ni moyo uliovutwa huku na huku, hata akamnung'unikia dada yake mbele ya mgeni. Labda kama Mariamu angalimsaidia mapema, na Martha angalipunguza vyakula, wote wawili wangaliketi pamoja miguuni pa Bwana.

Basi, jibu letu ni kwamba siku hiyo ya kustarehe ni halali, tena ni njema, kazi ya lazima ikiwa imetangulia na watu wote wa nyumba wakiishiriki. Kazi na igawanywe tangu Alhamisi na Ijumaa, wavulana wachote maji kama wasichana, na vyakula vipunguzwe kwa kiasi cha nguvu zilizopo. Kisha Jumamosi nyumba nzima itoke. Watu wa Marangu na waende Kinukamori kuyatazama maporomoko ya maji. Wa mahali pengine wana vijito vyao na vilima vyao. Waende polepole, baba akiifuata hatua ya mama mzee. Waitazame Kibo asubuhi kabla ya mawingu kuifunika. Na njiani wamzungumze yule ajaye: alikuwaje alipokuwa mtoto, ni shida gani amezipata mwaka huu, ni neno gani lisimkute mlangoni. Wazee wetu walipotaka kupatana walipeleka jani la sale. Ikiwa kuna ugomvi kati yenu na huyo ajaye, siku hii ya utulivu ndiyo siku ya kuliandaa jani hilo moyoni.

Hatuifanyi shauri hili kuwa sheria. Yuko mjane apataye chakula kwa kibarua cha kila siku, na yuko amwuguzaye mgonjwa. Hao hawawezi kuiacha kazi siku nzima. Kwao saa moja ya kuketi kivulini yatosha. Na majirani wenye nafasi, badala ya kuwahesabia upungufu, na wawapelekee mzigo mmoja wa kuni, ili nao wapate kumpokea mtu wao kwa uso wenye furaha.

Mababu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili huwa kweli mwenyeji akiwa na nafasi ya kuketi na mgeni wake. Bwana azibariki nyumba zenu, pamoja na wale walio njiani kuja kwenu.